Kesi za Zamani za Ubakaji na Mama Wanaozibeba Hadi Leo

Mara nyingi tunazungumza juu ya chanjo, maji safi na lishe ya mtoto. Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona, nalo ni ubakaji. Tena si kisa cha jana au juzi. Ni visa vya miaka ishirini, thelathini, hata hamsini iliyopita, ambavyo vingi havikufika mahakamani, na ni wanawake ambao bado wanavibeba. Kama una watoto karibu, soma kwanza peke yako. Na kama nawe yalikupata, soma kidogo kidogo. Hakuna anayekukimbiza.

Huenda ukauliza, mambo ya zamani hivyo yanahusu nini afya yangu na ya watoto wangu? Yanahusu sana. Yuko mama ambaye hujifungulia nyumbani, na si kwa sababu hospitali iko mbali. Hawezi kulala chali mbele ya mtu asiyemjua. Yuko nyanya anayelalamikia kiuno na kichwa mwaka baada ya mwaka. Kila akienda zahanati hupewa dawa ya maumivu akarudi nyumbani, na hajawahi kuulizwa swali hata moja juu ya maisha yake. Yuko mlezi ambaye hamruhusu msichana wake kwenda hata dukani, na akiulizwa sababu hugombana na mwenye kuuliza. Huenda sababu ikawa nyingine kabisa. Lakini huenda pia jambo la zamani ndilo linalosema kupitia mwili.

Kabla hatujaendelea, neno moja. Utasikia watu wengi wakisema "dhuluma za kimapenzi". Mimi silipendi jina hilo, kwa kuwa katika ubakaji hakuna mapenzi. Hapa tutasema ubakaji, na aliyetendewa akiwa mtoto tutasema alinajisiwa.

Tuanze na majirani zetu. Ukishika barabara ya Isiolo kuelekea Marsabit utapita Archers Post, katika Samburu. Kwa miaka mingi baada ya uhuru jeshi la Uingereza limekuwa likifanya mazoezi huko na Laikipia. Mwaka 1990 Rebecca Lolosoli na wanawake wengine wapatao kumi na watano walijenga kijiji chao wenyewe karibu na Archers Post, wakakiita Umoja. Kati ya wanawake hao walikuwapo waliosema kwamba walibakwa na askari Waingereza, kisha waume zao wakawapiga na kuwafukuza kwa sababu wameleta aibu nyumbani. Hebu fikiria jambo hilo. Mwanamke anaumizwa porini na mgeni, akirudi kwake anaumizwa mara ya pili. Basi ni nani atakayesema? Wengi walinyamaza, na mwenye kunyamaza haendi kwa polisi wala hospitalini. Hivyo hakuna karatasi.

Malalamiko hayo yalijitokeza kwa wingi kwa njia ambayo hakuna aliyeitarajia. Mwaka 2002 watu zaidi ya 200 wa sehemu za Archers Post na Dol Dol walilipwa fidia na Serikali ya Uingereza, kwa sababu ya mabomu yaliyoachwa malishoni na kuwajeruhi wachungaji na watoto. Mawakili walipokuwa wakikusanya habari za mabomu, wanawake wakaanza kuleta habari nyingine. Mwaka 2003 shirika la Amnesty International lilichapisha ripoti juu ya madai ya wanawake wapatao 650. Madai hayo yalianzia mwaka 1965 hadi 2001, na zaidi ya nusu yalikuwa ya kubakwa na askari zaidi ya mmoja. Baadhi ya walalamishi walikuwa watoto wakati huo. Amnesty ilisema pia kwamba maafisa wa jeshi walikuwa wameelezwa juu ya visa hivi tangu mwaka 1977, na hatua za maana hazikuchukuliwa.

Polisi wa jeshi la Uingereza wakaja kuchunguza. Uchunguzi ulichukua zaidi ya miaka mitatu, na walalamishi wakaongezeka hadi wakapita 2,000. Desemba 2006 ukafungwa. Hakuna askari hata mmoja aliyeshtakiwa. Wachunguzi walisema hawakupata ushahidi wa kutosha, na kwamba sehemu kubwa ya kumbukumbu walizoonyeshwa hapa Kenya zilionekana kuwa za kughushi.

Hapa nitasema maoni yangu. Inawezekana kabisa kwamba habari za fidia zilipoenea, walijitokeza watu wa kubuni. Pesa huvuta watu wa kila namna, na sisi wa Turkana tumeona hivyo hata kwenye orodha za chakula cha msaada. Lakini karatasi ya kughushi mwaka 2003 haithibitishi kwamba msichana hakubakwa mwaka 1983. Inathibitisha tu kwamba karatasi ya kweli haikuandikwa siku ile, au iliandikwa ikapotea. Mwenye kisa cha kweli na mwenye kisa cha uongo walitiwa katika kapu moja, na kapu likafungwa. Mwaka 2024 kamati ya Bunge la Kenya ilikwenda Laikipia kusikiliza tena malalamiko ya wenyeji dhidi ya jeshi hilo, na madai ya ubakaji yakatajwa upya. Kwa wengine ilikuwa miaka arobaini na zaidi tangu walipoumizwa.

Sasa linganisha na kisa kingine, cha zamani zaidi. Wakati wa vita vya Mau Mau, miaka ya 1950, wanawake wengi waliteswa kingono katika kambi za kuhojiwa. Mmoja wao ni Jane Muthoni Mara, aliyekamatwa mwaka 1954 akiwa msichana wa miaka 15 hivi, kwa tuhuma ya kuwapa wapiganaji chakula. Mwaka 2009 yeye na wenzake wanne walifungua kesi huko London dhidi ya Serikali ya Uingereza. Serikali hiyo ikajitetea kwamba muda umepita mno. Oktoba 2012 Jaji McCombe alisema kesi yaweza kusikizwa kwa haki hata baada ya miaka hiyo yote. Kwa nini alisema hivyo? Kwa sababu makaratasi yalikuwapo. Wakoloni walikuwa watu wa kuandika kila kitu, na masanduku ya siri waliyoondoka nayo Kenya yalijulikana mwaka 2011 kwamba yamehifadhiwa mahali paitwapo Hanslope Park. Juni 2013 Uingereza ilieleza masikitiko yake bungeni, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228.

Nisikudanganye kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Kesi nyingine ya Wakenya zaidi ya 40,000 wa wakati ule ule ilitupwa London mwaka 2018, kwa sababu hiyo hiyo ya muda. Lakini umeona tofauti. Waliokuwa na maandishi nyuma yao walisikizwa baada ya nusu karne. Wa Archers Post hawakuwa nayo, au yale waliyokuwa nayo hayakuaminika.

Tukirudi kwetu, liko tatizo la tarehe. Mchunguzi atauliza, ilikuwa siku gani, mwezi gani, mwaka gani? Mama ambaye hakwenda shule atasema, "Ilikuwa Lopiar, tulipokuwa tumehamia karibu na laga." Mchunguzi asiyejua ataandika kwamba mlalamishi hakumbuki. Kumbe anakumbuka vizuri sana. Lopiar ni ile njaa kuu ya mwaka 1979 hadi 1981, na kila mzee wa Turkana anaijua. Vivyo hivyo mtu wa Kakuma akisema "mwaka waliofika wale vijana kutoka Sudan", ametaja 1992, mwaka kambi ilipofunguliwa. Mchunguzi mzuri huketi na mama akapanga naye. Ilikuwa kabla ya mtoto wa kwanza au baada? Kabla ya mifugo kuisha au baada? Nani alikuwa chifu? Kwa njia hiyo mwaka hupatikana. Wewe mlezi waweza kufanya kazi hiyo na nyanya yako nyumbani, polepole, ukaandika, kabla hajakabiliwa na mtu mwenye haraka.

Jambo jingine ambalo wachunguzi wengi zamani hawakulijua ni kwamba mtu aliyeogopa kufa hakumbuki kama mtu aliyehudhuria harusi. Atakumbuka harufu ya sigara, rangi ya kiatu, mbwa aliyebweka, akasahau ilikuwa asubuhi au jioni. Akisimulia mara ya pili atapanga kwa namna nyingine. Zamani hilo lilichukuliwa kuwa dalili ya uongo. Wataalamu wa afya ya akili wanasema ndivyo akili ya binadamu inavyofanya kazi wakati wa hofu kubwa.

Huko Kakuma wapo mama waliokuja na historia nyingine kabisa. Wasomali walipokimbilia kaskazini mashariki mwa Kenya baada ya serikali yao kuanguka mwaka 1991, wanawake walibakwa karibu na kambi za Dadaab, wengi wakiwa wamekwenda kutafuta kuni. Katika miezi saba tu ya mwaka 1993, Februari hadi Agosti, shirika la UNHCR liliandikisha visa 192. Oktoba mwaka huo shirika la Human Rights Watch likachapisha ripoti, dunia ikashtuka, na mradi wa kuwasaidia waathiriwa ukaanzishwa. Baadaye walijaribu kugawa kuni kambini. Visa vya kwenye kuni vilipungua, lakini vya mahali pengine vikaongezeka. Inaonyesha kwamba kuni hazikuwa tatizo lenyewe. Tatizo lilikuwa wanaume waliojua kwamba hawatakamatwa.

Mwaka 2002 maelfu ya Wasomali Wabantu walihamishwa kutoka Dadaab hadi Kakuma wakisubiri kwenda Marekani. Wengine walikuwa wameletwa miaka ya nyuma, kambi za pwani zilipofungwa. Basi kisa kilichotokea Dadaab mwaka 1993 kiliingia Kakuma ndani ya mama aliyekaa foleni ya mgao, na huenda kimekwenda naye hadi Marekani. Mama wa Turkana anayebeba mzigo wa kuni na makaa kwenda kuuza kambini anapita njia hizo hizo za upweke. Sitaki wenyeji wasome sehemu hii wakidhani ni mambo ya wageni.

Nasi tuliwahi kupewa nafasi ya kusema. Mwaka 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilifika Lodwar. Katika ziara zake tume hiyo ilikuwa na vikao vya wanawake peke yao, kwa sababu ilitambua kwamba mama hatasimulia jambo hili mbele ya shemeji na wazee wa ukoo. Ripoti yake ilikabidhiwa kwa Rais Mei 2013, ikakaa miaka mingi bila kupitishwa na Bunge. Hilo liliwaumiza waliojitolea kusema.

Tena inanishangaza. Waturkana husimulia kwamba chanzo chao ni Nayeche, mwanamke mzee aliyetoka upande wa Wajie, huko Uganda, akafuata nyayo za fahali hadi bonde la Tarach, mto ule ule unaopita Kakuma. Historia ya watu wote hawa inaanza na ata mmoja aliyetembea peke yake porini. Lakini ata wa leo akitaka kusimulia lililompata porini, tunamwambia anyamaze asitutie aibu. Tena si hapa tu. Korea, bibi mmoja aitwaye Kim Hak-sun alisema hadharani mwaka 1991 kwamba alipokuwa msichana alifanywa mtumwa wa ngono na jeshi la Japani wakati wa Vita vya Pili. Baada yake wengine wengi katika nchi kadhaa wakajitokeza. Walikuwa wamekaa kimya karibu miaka hamsini.

Sasa tuangalie yale yanayobaki mwilini. Maumivu ya tumbo la chini na kiuno yasiyo na sababu inayoonekana. Magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa, ambayo huweza kuziba mirija ya uzazi, na mwanamke akaitwa tasa bila mtu kujua chanzo. Virusi vya ukimwi. Fistula, pale alipoumizwa vibaya sana. Usingizi wa kukatika, ndoto zile zile, moyo kwenda mbio mtu akitokea nyuma ghafla. Wengine hunywa pombe ili walale. Wengine hawasikii chochote, si furaha wala huzuni, na mtoto mchanga akilia wanamtazama tu. Majirani husema mama huyo ana roho mbaya. Mama huyo ni mgonjwa, na ugonjwa wake una tiba. Ushauri nasaha wa mara kwa mara na mtu aliyefunzwa husaidia, hata kama kisa ni cha miaka thelathini iliyopita, na wengine huhitaji pia dawa za msongo au usingizi kwa muda.

Kwa hiyo ukienda kliniki, unaweza kumwambia muuguzi maneno machache tu: "Niliwahi kuumizwa, naomba uniambie kabla hujanigusa." Si lazima usimulie zaidi ya hapo. Unaweza kuomba muuguzi mwanamke, au mtu wako akae karibu nawe.

Ukimsikia mama yako au jirani yako akianza kusimulia, usimwulize kwa nini hakusema mapema, wala alikuwa amevaa nini. Mwambie unamwamini. Usikimbilie kwa chifu bila ruhusa yake. Akitaka kusema leo na kesho asitake tena, mwache.

Na sheria je? Watu wengi wanaamini kwamba kesi ya ubakaji hufa baada ya miaka kadhaa. Nchini Kenya sivyo. Ubakaji ni kosa kubwa la jinai, na halina muda wa mwisho wa kushtakiwa. Kudai fidia peke yake ndiko kuna muda, na hapo inafaa kumwona wakili wa msaada wa sheria. Sheria ya Makosa ya Kingono, iliyopelekwa bungeni na Njoki Ndung'u, ilipitishwa mwaka 2006. Lililotendwa kabla ya hapo hushtakiwa kwa sheria iliyokuwapo wakati huo, ambayo pia ilikuwa kali. Wazee wakikaa chini ya mti wakatoza mbuzi au ngamia, kesi haijaisha. Sheria hiyo ya 2006 inasema ni Mwanasheria Mkuu tu awezaye kuisimamisha, na tangu Katiba ya 2010 kazi hiyo ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Desemba 10, 2020 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kesi ya wanawake sita na wanaume wawili waliodhulumiwa kingono katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Walikuwa mahakamani tangu 2013. Mahakama ilisema Serikali ilikosa kuchunguza ilivyopaswa, ikawapa wanne kati yao shilingi milioni nne kila mmoja. Wanne wengine hawakupata. Ni ushindi wa nusu, lakini ulikuwa mara ya kwanza mahakama ya Kenya kuiwajibisha Serikali kwa kutochunguza ubakaji wa ghasia zile.

Hospitali nazo zimebadilika. Hadi mapema miaka ya 2000 hapakuwa na utaratibu mmoja nchini wa kumhudumia aliyebakwa. Mwongozo wa kwanza wa Wizara ya Afya ulitoka mwaka 2004. Leo mtu akifika hospitalini kabla ya saa 72 kupita, hupewa dawa za kuzuia virusi vya ukimwi za siku 28. Dawa ya kuzuia mimba hufanya kazi hadi siku tano, ila mapema ni bora. Asioge kwanza, na nguo alizovaa zitiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, maana kwenye plastiki huoza. Akipita hizo saa 72 bado aende, kwa maana majeraha na magonjwa mengine hutibiwa. Ukiwa Lodwar, nenda hospitali ya rufaa ya kaunti. Ukiwa Kakuma, nenda hospitali ya kambini au ya mjini, wewe uwe mkimbizi au mwenyeji. Simu ya bure ya kuomba msaada ni 1195, na ya watoto ni 116.

Hospitalini kuna fomu ya huduma baada ya ubakaji. Huandikwa nakala tatu: moja ya polisi, moja hubaki hospitalini, na moja ni ya mgonjwa mwenyewe. Idai yako. Fomu ya P3 ya polisi haiuzwi, na ukiandikisha ripoti kituoni uandike nambari ya OB mahali pawili. Kwa kisa cha zamani, tafuta kadi ya kliniki ya mwaka ule, barua yoyote ya chifu, kadi ya mgao ya kambi, cheti cha ubatizo au cha kuzaliwa cha mtoto aliyepatikana, na jina la mtu wa kwanza aliyeambiwa, kama bado yu hai. Vitie katika mfuko usiopitisha maji, mkihama uhame navyo, na nyumba ikifagiliwa waambie watoto kwamba makaratasi hayo hayawashiwi moto.